Kinanda Kisicho na Sauti

Jumanne, 5 Septemba 1995

Ratiba ya mazishi, nakala mia mbili. Jina la marehemu limeandikwa kwa namna tatu kwenye rasimu yao. Nimewaita wenyewe, wamebishana, wamekubaliana moja. Mkataba wa shamba. Barua mbili za kuomba kazi. Mtihani wa shule nne umeletwa leo, masomo yote, wanautaka Ijumaa ya tarehe 22. Nitaumaliza mapema. Huwa namaliza mapema.

Saa tisa alikuja mwanamume kutoka Zombe na daftari. Mutinda. Anauza dawa za mifugo. Ana nyimbo kumi na mbili za Kikamba, anataka nizipige chapa, na jina lake liwe juu ya kila ukurasa. Kila ukurasa, amerudia mara mbili. Mkono wake wa kushoto umebaki na kidole gumba na cha shahada tu. Niliutazama, naye akaniona nikiutazama. Sikuomba radhi, wala yeye hakuuficha.

Alhamisi, 7 Septemba

Mutinda amekuja kusahihisha. Kikamba changu ni cha sokoni, nimekosea mahali tisa. Amenionyesha pole pole bila kunicheka.

Halafu akanieleza. Alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ya kaka yake, Kilonzo. Wanapiga Malili mwisho wa wiki, watu wanatoka barabara kuu na malori yao kuwasikiliza. Miaka miwili iliyopita mkanda wa kinu cha unga ulimkamata mkono. Sasa Kilonzo anakwenda kurekodi kaseti Nairobi kwa nyimbo hizi hizi. Solo atabuni mpigaji mpya, anaitwa Muthama.

Hicho ndicho kinachomuuma. Solo za nyimbo zote kumi na mbili anazo kichwani, tayari, na hana mkono wa kuzitoa. Akaniimbia ya wimbo wa nne, papo hapo, kwa mdomo. Ti-ri-ri, ti-ri. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Aliendelea mpaka mwisho.

Akauliza, "Mama, hii mashine yako imeandika maneno. Gitaa haiwezi andika?"

Nikasema inaweza.

Nilijibu haraka. Lakini si uongo. Nilipokuwa nasoma kompyuta Mombasa, mwalimu wetu alikuwa na kinanda kimeungwa kwenye mashine yake. Anapiga, mashine inashika, halafu inapiga yenyewe. Nimekiona kwa macho yangu. Alasiri moja tu, lakini nimekiona.

Ijumaa, 8 Septemba

Baada ya sala nimesoma kitabu cha mashine, ukurasa kwa ukurasa. Vinahitajika vitu vitatu. Kadi ya sauti, inaingia ndani ya kompyuta. Kinanda chenye tundu la waya wa kuungia. Programu ya kurekodi. Mashine yangu ina nafasi ya kadi. Nimefungua kifuniko, nimehesabu nafasi, zimebaki mbili.

Si jambo gumu.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimemwambia Baba. Jengo ni lake, duka lake la vitambaa limepakana na ofisi yangu, ukuta mmoja. Ni heri asikie kwangu kuliko asikie kwa jirani.

Alikunja kitambaa alichokuwa anakikunja, akaanza kingine. Akasema, "Mwanangu, mimi sikatai kazi yako. Lakini muziki ndani ya jengo hili, la. Watu wanatoka msikitini wanapita hapa."

Nikauliza, kama hausikiki je?

"Muziki usiosikika ni muziki gani?"

Nimekasirika siku nzima, si kwa Baba, kwa kukosa jibu.

Jumatano, 13 Septemba

Jibu ninalo. Hedifoni. Na zaidi ya hedifoni: kuna vinanda ambavyo vyenyewe havina sauti kabisa. Vinaiambia kompyuta kibao gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kwa muda gani, basi. Sauti inatoka kwenye kompyuta. Yule mwalimu wa Mombasa alikuwa na cha namna hiyo, sasa nakumbuka.

Mutinda alipita saa nne. Nimemweleza yote. Kadi nitanunua mimi, itabaki katika mashine yangu. Kinanda na programu ni vyake, atakuja kupigia hapa Jumatatu na Alhamisi, alasiri, mlango wazi.

Aliuliza, "Una hakika?"

"Nina hakika."

Jumamosi, 16 Septemba

Mutinda ameuza gitaa. Amemuuzia Muthama, yule yule mpigaji mpya. Amenipa habari hii akiwa amesimama mlangoni, kama anayeniambia mvua haijanyesha.

Ameuza kwa neno langu.

Jumanne, 19 Septemba

Nairobi. Nilikuwa na safari ya kununua karatasi na utepe wa printa, tukakutana dukani.

Muuzaji alituanzia na kinanda kidogo cha vibao vyembamba. Nilitazama nyuma, hakina tundu la waya. Nikamwambia hiki ni cha watoto, arudishe. Alirudisha. Akaleta kikubwa cha kung'aa, chenye spika zake na mapigo ya ngoma mia moja yaliyotengenezwa tayari. Alibonyeza kitufe kimoja, duka likajaa ngoma. Mutinda alitabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu. Tundu la waya kilikuwa nalo, ndiyo. Nikabonyeza kibao taratibu, nikabonyeza kwa nguvu. Sauti ile ile.

Nikauliza kama ana kisicho na spika. Muuzaji alinitazama upya. Alikwenda nyuma, akatoka na cheusi, vibao arobaini na tisa, kimekaa katika boksi lake siku nyingi. Kushoto kina gurudumu dogo, alisema ni la kupindia sauti, hatukumsikiliza. Mutinda alibonyeza. Tak. Tak tak.

"Hii imekufa," akasema.

Nikamwambia ni hiki. Sababu zangu: hiki kinajua nguvu ya kidole, na mpiga gitaa hugusa na hugonga. Ngoma mia moja za watu wengine hazina faida kwake, hakuna hata moja iliyo na mapigo ya kwao. Vibao vyake ni vyepesi, mkono hautachoka. Na Baba yangu. Hiyo nayo nimeisema, sikuificha.

"Kwa hivyo nanunua kitu haina sauti kwa sababu ya mzee wako."

Nikasema, kwa sehemu.

Alitoka nje. Alisimama kando ya barabara, mgongo kwetu. Muuzaji alianza kufuta vumbi kinanda kile kikubwa ili nikione vizuri. Mutinda aliporudi hakunitazama mimi, alitazama kile cheusi.

"Wewe ulisema unajua."

"Najua."

Amelipa, nami nimenunua kadi na hedifoni. Muuzaji ametupa disketi mbili za programu za majaribio, tuchague, halafu tutaletewa kamili kwa basi.

Nilikuwa najua kwa sehemu kubwa. Si yote. Hili naliandika hapa tu.

Jumatano, 20 Septemba

Nimeifungua mashine mwenyewe baada ya kuchomoa umeme. Kadi imeingia kwa mkandamizo mmoja. Nimewasha. Nimeunga kinanda. Nimevaa hedifoni, nimebonyeza kibao cha katikati.

Sauti. Safi kabisa. Nimebonyeza vyote arobaini na tisa, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia. Sijui kupiga hata wimbo mmoja. Nimefurahi mno.

Saa nane nikaanza kuchapa mtihani. Printa ilitoa nusu ya ukurasa wa kwanza wa Hisabati, ikakaa kimya. Nimezima, nimewasha. Kimya. Nimebadili utepe. Kimya.

Alhamisi, 21 Septemba

Printa bado. Mtihani wa shule nne ni kesho.

Mutinda alikuja na shati la pasi, siku yake ya kwanza. Nikamwambia hakuna kupiga leo. Nikamwambia kwa nini. Pengine nimeiharibu printa kwa ajili ya kadi ile. Hakusema neno baya. Aliketi kwenye benchi la wateja, mkono mzima juu ya ule mwingine. Ningependa angesema neno baya.

Nimeitoa kadi. Printa imefanya kazi. Nimeirudisha kadi. Printa imekufa.

Basi si printa. Ni hizi mbili haziwezani.

Ningeweza kuitoa kadi tu na kuchapa mtihani. Nimefanya hivyo, sikuwa na la kufanya, nimechapa mpaka magharibi. Masomo matatu yamebaki. Lakini nimemwona Mutinda akikitazama kinanda chake kwenye rafu wakati printa inalia. Alikwenda bila kuaga. Mimi ndiye niliyemuuzisha gitaa.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimemaliza mtihani saa tatu asubuhi. Walimu wamechukua. Hakuna aliyejua.

Halafu nimekaa na karatasi ya maelezo ya kadi, ile iliyokunjwa mara nane, ambayo ningepaswa kuisoma Jumatano. Kila kifaa kina namba yake ya kuiitia mashine. Printa inaita kwa saba. Kadi nayo imetoka kiwandani na saba. Mashine ikiitwa na wawili kwa namba moja haimjibu hata mmoja. Juu ya kadi kuna kijipini cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele. Nimekitoa kwa kibanio cha nyusi, nimekihamisha kutoka saba hadi tano.

Printa inafanya kazi. Kadi inafanya kazi. Kazi ya dakika nne.

Nilikosea kwa kiburi, kwa kutosoma. Nimerekebisha mwenyewe. Yote mawili ni kweli.

Jumatatu, 25 Septemba

Mutinda amerudi. Sikuwa na hakika angerudi.

Programu ya kwanza ni nzuri kwa macho. Mistari mitano, nota nyeusi zinaruka unapobonyeza. Aliitazama kama mtu anayetazama barua ya lugha ngeni. "Mimi sisomi hii." Nami pia siisomi. Nimeitoa.

Ya pili ni ya kijivu, sura mbaya, imejaa namba. Lakini haitaki nota. Unapiga, inashika. Inakuwa foleni ya mistari, besi mstari wake, solo mstari wake. Ukikosea kibao kimoja unakirekebisha hicho tu. Nimeiona hapo hapo kuwa ndiyo.

Amepiga alasiri nzima, mkono wa kulia peke yake, anatafuta kila sauti ilipo. Anajua anachokitafuta, hajui kilipo. Saa kumi na moja solo ya wimbo wa nne ilikuwa imefika nusu. Nikabonyeza kuhifadhi. Programu ikajibu kwamba hii ni ya majaribio, haihifadhi.

Nilimgeukia nikiwa tayari kuomba radhi. Alikuwa anavua hedifoni.

"Haijapotea," akasema. "Iko hapa kwa kichwa. Imekaa miaka mbili, itakaa tena siku tatu."

Nimepiga simu Nairobi. Kamili inakuja na basi ya Alhamisi.

Alhamisi, 28 Septemba

Siku kubwa.

Programu imefika. Leo nilikuwa nimesoma kitabu chake chote kabla ya kuweka disketi. Nimegundua hivi: unaweza kuipunguza mwendo nusu, ukapiga pole pole, halafu ukairudisha mwendo wake. Mutinda alipiga kama mtu anayetembea kwenye matope. Nikairudisha mwendo. Akajisikia.

Akaomba tena.

Lakini akawa hajaridhika. Sauti zinakwenda zote zimenyooka, akasema, kwenye gitaa kidole kinasukuma uzi, sauti inapanda kidogo, inalia. Nikakumbuka lile gurudumu. Nikamwambia abonyeze kwa kulia, azungushe kwa kushoto. Akaweka kile kidole gumba na cha shahada kwenye gurudumu. Akazungusha.

"Inapinda," akasema.

Akarudia. Juu kidogo, ikarudi. Juu, ikatetemeka, ikarudi. Mkono ule hukaa mfukoni kila anapokuja mjini. Leo ulifanya kazi saa mbili mbele ya wateja.

Wimbo wa nne umekwisha. Umehifadhiwa. Nimeuhifadhi kwenye disketi tatu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Kilonzo amekuja. Mutinda alimwita. Ni mtu mkubwa, koti la ngozi, mpole wa maneno. Ameniita dada. Alisikiliza wimbo wote akiwa amesimama, hedifoni zimembana kichwa. Mutinda hakumtazama, alikuwa anafuta vibao kwa leso, kimoja kimoja.

Kilonzo akavua hedifoni. "Hiyo si gitaa."

"Mimi sijasema ni gitaa," akasema Mutinda. "Nasema wimbo inaenda hivyo."

"Gitaa ni mkono. Muthama ako na mkono."

Ni kweli gitaa la kadi hii linalia kama kopo. Hilo simlaumu. Lakini lile la mkono sikuweza kulivumilia. Nikamuuliza, "Bwana Kilonzo, mkono wa Muthama umetunga wimbo upi?"

Alimgusa kaka yake begani, akatoka. Kaseti niliyomtengenezea ameiacha juu ya meza.

Mutinda aliketi tena akaanza wimbo wa saba. Nikamwambia si lazima leo. Akasema leo ni Jumatatu, ni siku yake.

Jumatano, 4 Oktoba

Kazi kidogo. Sijisikii vizuri, si mwili. Nilimpa mtu hakika, nikamchagulia na kinanda, na kaka yake hakutaka hata kuibeba kaseti. Nimejiuliza kama ningemshauri tofauti. Kinanda kile kikubwa kingemfurahisha Kilonzo? Hapana. Ningechagua kile kile. Hata sasa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Muthama amekuja. Peke yake, na gitaa, lile alilouziwa. Nilidhani kijana wa madoido, kumbe ni mtu mzima mwenye aibu. Mutinda alikuwa mjini kuchukua dawa za mifugo, nikatuma aitwe.

Muthama akaeleza kwa sauti ya chini. Alhamisi walifanya mazoezi. Kilonzo alimkataza solo yake mara tano. Kila akiulizwa anataka nini, Kilonzo anaimba kwa mdomo kile alichosikia hapa kwenye hedifoni, anafika katikati, anasahau. Anakasirika. Jana akamwambia, nenda kwa Mutinda akufundishe. Kilonzo mwenyewe kuja hawezi bado.

Mutinda alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaa."

Nimeweka mwendo nusu. Muthama akasikiliza, akataka kujaribu, na gitaa halina hedifoni. Wakatoka uani nyuma. Nikavuta spika ndogo ya kompyuta mpaka dirishani. Nilijua ninachofanya, na nyumba ya nani.

Baba alitoka dukani. Akasimama kwenye mlango wa ua na futi lake la kupimia vitambaa mkononi. Muthama akaacha kupiga. Nikangoja. Mutinda akasimama, akamwamkia, "Shikamoo mzee."

Baba akaitikia. Aliutazama ule mkono, akamtazama Muthama, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko wote. Akasema wamalize kabla ya adhana ya adhuhuri. Akarudi ndani.

Wamemaliza dakika kumi kabla. Muthama ana vidole vizuri sana. Mutinda alikuwa anamwimbia sehemu zinazopinda na kumwonyesha kwa kidole gumba hewani. Solo ya wimbo wa nne, mara ya mwisho, kwa mwendo kamili, ilipigwa kwenye gitaa katika ua wa Baba. Mimi sijui muziki. Nimelazimika kuingia ndani kupanga karatasi.

Jumanne, 10 Oktoba

Kilonzo alikuja mwenyewe. Mutinda alimpa sharti moja, jina lake liandikwe kwenye jalada la kaseti, nyimbo na solo. Nimepiga chapa makubaliano, ukurasa mmoja. Kilonzo aliusoma mara mbili, akatia sahihi. Mutinda akatia sahihi. Mimi shahidi.

Kilonzo akaniambia, "Dada, ile siku uliniuliza swali."

Nikasema ndiyo.

"Nimeifikiria."

Akavaa koti. Safari hii amechukua kaseti.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza jana, vumbi limelala. Ratiba ya harusi, nakala mia. Barua kwa chifu. Mtihani wa shule nyingine umeletwa, nimewaambia wiki mbili.

Mutinda yuko kwenye kona yake. Amefika wimbo wa tisa, na ameanza wa kumi na tatu ambao haukuwa kwenye daftari. Amevaa hedifoni, hasikii wateja wala mvua. Kinachosikika ni vibao tu. Tak. Tak tak. Tak.

Mama mmoja wa ratiba ya harusi alikuwa anamtazama wakati wote nikimchapia. Mwishoni akauliza, "Yule baba anafanya nini siku zote?"

Nikamwambia anaandika.

Akatikisa kichwa, akachukua karatasi zake, akafungua mwavuli mlangoni, akaenda.